Gawanya Karatasi Mbele ya Kugawanya Makuta



Baba amepata makuta ya mwisho wa kazi. Yeye anataka pikipiki ya kubeba watu; mama anataka mashini ya kusaga. Siku tatu sasa ni kelele tu nyumbani. Kwenu ingekuwa namna gani?

Katika 1772, Joseph Priestley, mchungaji wa Uingereza, hakujua kama akubali kazi mpya ao abaki. Akauliza rafiki yake Benjamin Franklin. Huyu hakumwambia achague nini, alimwonyesha namna ya kuchagua.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Huku andika sababu za kukubali, huku za kukataa. Ongeza siku tatu ao ine, kwa maana sababu zote haziji kichwani pamoja. Kisha pima. Sababu mbili za uzito sawa, moja huku na moja kule, zifute zote. Nzito moja inaweza kufutwa pamoja na nyepesi mbili. Angalia upande gani umebaki na uzito.

Basi baba, usiandike faida ya pikipiki tu: andika na esansi, piyese, hatari ya barabara. Mama, andika siku umeme unapokosa. Na ninyi wawili muandike masomo ya watoto, kwani nayo inangojea makuta yale yale.

Vijana, ninyi mushike kalamu, wazazi waseme. Makuta ya mwisho wa kazi haiji mara mbili.