Je, umeme unaweza kupima uchovu usioisha?

Wiki hii tulisoma hewani ujumbe wa msikilizaji ambaye mke wake anachoka tangu mwaka jana. Akilima ngwe moja asubuhi, kesho yake na keshokutwa hainuki kitandani. Amepimwa malaria, taifodi, wingi wa damu na sukari, na kila mara jibu ni moja: hana kitu. Sasa siku za mnada anapita mtu mwenye mashine. Unashika kichuma mkononi, na baada ya dakika chache unapewa karatasi yenye orodha ya magonjwa. Msikilizaji anauliza: ni kweli umeme unaweza kuonyesha ugonjwa wa mke wangu?

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, maana kuna mhandisi wa umeme aliyelifanyia kazi.

Kuna maradhi yanayoitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Shirika la Afya Duniani limeyaorodhesha kama ugonjwa wa mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969. Dalili yake kubwa ni hiyo ya ngwe moja: kazi ndogo inamwangusha mtu kwa siku kadhaa, na hata akilala haamki na nguvu. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha damu cha kuutambua. Daktari anafika huko baada ya kuondoa magonjwa mengine yote, na mgonjwa akiwa ameshaitwa mvivu.

Mwaka 2019, Rahim Esfandyarpour, mhandisi wa umeme aliyefanya utafiti huo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa matokeo ya kifaa kidogo chenye maelfu ya nyaya za umeme. Alifanya kazi na Ron Davis, mtaalamu wa jenetiki ambaye mtoto wake mwenyewe anaugua ugonjwa huu.

Walivyofanya, mtu mwenye sola nyumbani ataelewa haraka. Betri iliyochoka, ukiipima bila kuwasha kitu, inaweza kuonyesha iko sawa. Washa taa tatu na redio, ndipo utaijua. Wao walichukua seli za kinga na majimaji ya damu, wakaongeza chumvi. Seli hutumia nguvu nyingi kuhimili chumvi. Kisha wakaangalia jinsi umeme unavyopita humo. Damu ya wagonjwa ilionyesha badiliko kubwa, ya wazima ilitulia. Wote 20 waliokuwa wagonjwa walitambuliwa, na kati ya wazima 20 hakuna aliyebandikwa ugonjwa.

Inapendeza, lakini ni watu 40 tu. Tena walilinganishwa wagonjwa na wazima, wakati daktari wa kweli anahitaji kutofautisha uchovu huu na ule wa kifua kikuu, upungufu wa damu au tezi ya shingo. Utafiti huo haukujibu hilo. Kwa hiyo, ikiwa Stanford yenyewe ilihitaji damu na maabara, na bado hapo haikuwa imefika kwenye kipimo cha hospitali, kichuma cha mnadani kinasoma nini kupitia kiganja chenye jasho? Mimi naona kinasoma jasho, na mfuko.

Tulimjibu msikilizaji hivi. Hela ya mashine iwe nauli ya hospitali ya wilaya. Aandike kwenye daftari kila siku: mama amefanya kazi gani, ameanguka lini, amekaa kitandani siku ngapi. Kama hali imepita miezi sita, amtajie daktari hilo waziwazi, na aulize kama kifua kikuu, VVU na tezi vimeshaangaliwa.

Na wakati wanasubiri, asimsukume shambani akidhani mazoezi yatamponya. Uingereza mwaka 2021 iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kama tiba ya ugonjwa huu. Akichoka, apumzike kabla hajaanguka, na jembe lishikwe na mwingine.