Risasi ya kiwandani na baruti ya nyumbani

Katika nchi kama Marekani wapo wawindaji wengi wanaojaza wenyewe maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Wanazo mizani za kupimia baruti, wanazo fataki mpya na vitabu vya vipimo, na kazi hiyo wameizoea kama mvuvi alivyozoea kushona wavu wake. Hata hivyo, miongoni mwa mafundi hao wamo wengi ambao, wanapokwenda kumkabili mnyama wa hatari, hununua risasi za kiwandani. Kiwanda hutoa maelfu ya risasi kwa kipimo kimoja na huzijaribu kabla ya kuziuza. Na ganda jipya halijachoka kwa kupigwa mara kwa mara. Anayeijua kazi ndiye ajuaye mahali ujuzi wake unapokoma.

Jambo hilo latuhusu sisi wa Mara. Huku kwetu wangali wapo watu wanaotegemea gobore lililoundwa kwa bomba la maji, likashindiliwa baruti ya kukisia na vipande vya chuma. Hawana mizani wala kitabu. Baruti ikizidi, bomba hupasuka usoni mwa mwenyewe; ikipata unyevu, hailii. Na unyevu ndio hali ya kila siku kwa mkazi wa Rukuba na visiwa vingine vya ziwa letu. Ikiwa fundi mwenye mizani haamini baruti yake mbele ya nyati, sisi twaiamini vipi ya kukisia mbele ya kiboko?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kutengeneza silaha au risasi bila leseni. Twaiunga mkono. Mkoa huu umekwisha kuona wizi wa ng'ombe ukigeuka vita kwa sababu ya bunduki zilizozagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Hatutaki kurudi huko.

Lakini makatazo peke yake hayamfukuzi tembo shambani. Mkulima wa Hunyari na Kunzugu, wilayani Bunda, hulala juu ya dungu akilinda mtama. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ni jambo jema. Ila fedha hizo huja baada ya hasara, na machozi hufutwa baada ya msiba. Mtu aliyeachwa peke yake usiku ndiye atafutaye gobore.

Kwa hiyo rai yetu ni mbili. Kwa wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama: magobore hayo yasalimishwe polisi kupitia viongozi wa vijiji, kabla hayajamuua mwenyewe au mwanawe. Kwa wenye madaraka: askari wa wanyamapori wawe karibu na vijiji, wafike usiku ule ule wanapoitwa, na huduma ya leseni na ukaguzi wa silaha ipelekwe visiwani kwa boti, kwa siku zinazojulikana. Mtu anayetakiwa kuvuka maji mpaka Musoma mjini ili atii sheria amewekewa njia ndefu kuliko ya anayeivunja. Ni wajibu wa Serikali kuifupisha.