Saa Nne ya Kampuni: Haki za Mfanyakazi na Lugha Anayoielewa

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kukutana na mfanyakazi ndani ya riwaya. Tumewaandama makuli wa bandari ya Unguja katika Kuli ya Adam Shafi, tumejadili migogoro ya kitabaka katika Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed, na wengine wetu tumejipatia alama nzuri kwa kufanya hivyo. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuushika mkataba wa ajira wa kibarua na kuusoma kwa makini tunayoupa ubeti mmoja wa shairi? Katika makala haya ninadai kuwa kampuni haiwezi kujigamba kuwa inaziheshimu haki za wafanyakazi wake iwapo inazungumza nao kwa lugha wasiyoielewa, au kwa tafsiri ya kulipua. Ninadai pia kuwa sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hii tuna fungu letu la lawama. Langu nitalitaja kwanza.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, niliitumia likizo ndefu kufanya kibarua katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo za waridi kutoka kwenye vibanda vya plastiki hadi ukumbi wa kupangia maua. Msimamizi alipopata habari kuwa ninasomea Kiswahili chuoni, aliniletea tangazo la Kiingereza na kipande cha ubao, akaniambia nitafsiri haraka kwani wanyunyizaji wangeanza kazi alfajiri ya siku iliyofuata. Tangazo lilisema kuwa kibanda fulani kingenyunyiziwa kemikali, na kwamba mtu yeyote asiingie humo kabla ya saa kumi alasiri, ambayo kwa hesabu ya Kiingereza iliandikwa 4.00. Nami nikaandika: "Dawa imenyunyizwa. Usiingie kabla ya saa 4.00." Nilijipongeza kwa ufupi wa sentensi zangu.

Kesho yake, saa nne asubuhi ilipotimia, akina mama sita waliingia kukata waridi. Walikuwa wamelitii tangazo barabara. Kabla ya adhuhuri wawili walikuwa wakitapika, na wa tatu macho yalikuwa yamevimba hata hawezi kuyafumbua vyema. Huyo wa tatu, mama wa makamo ambaye mara nyingi alinigawia chai yake, aliniuliza bila hasira, "Mwanangu, si wewe uliyetuandikia saa nne?" Sikuwa na jibu. Afisa wa shamba alikuwa nalo: tangazo lilikuwa la Kiswahili, kwa hivyo kampuni ilikuwa imetimiza wajibu wake. Akina mama wale walikatwa ujira wa nusu siku.

Mwalimu yeyote wa tafsiri atalicheka kosa langu la saa, na ana haki ya kulicheka. Lakini nimekuja kuamini kuwa kosa langu kubwa zaidi lilikuwa katika neno la kwanza kabisa. Niliandika "dawa". Dawa humezwa ili mtu apone. Mzazi humbembeleza mtoto aipokee. Ni kweli kwamba dawa ya panya ni dawa na dawa ya mbu ni dawa, na mashambani kila mtu husema "dawa" anapotaja kemikali za kunyunyizia. Sipendekezi matumizi hayo yapigwe marufuku, maana lugha haiendeshwi kwa amri. Hata hivyo, mlangoni mwa kibanda kilichonyunyizwa alfajiri, neno la kuandikwa ni "sumu", tena kwa herufi kubwa. Asomaye "dawa" hana sababu ya kurudi nyuma.

Sheria zetu haziko kimya kuhusu suala hili. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaeleza kuwa, endapo mfanyakazi hajui kusoma au haielewi lugha ya mkataba, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kuwa amefafanuliwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Iwapo mfanyakazi anaweka alama ya kidole badala ya sahihi, sheria inataka pawepo shahidi asiyekuwa mwajiri. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kimapenzi na kuhakikisha kuwa kila mfanyakazi anaifahamu. Kifungu cha 37 nacho humwezesha kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja kuhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa masharti ya mwezi, wala si ya kutwa. Katika shamba lile sikukutana na kibarua hata mmoja aliyekijua kifungu hicho cha mwisho. Aliyeonekana kukijua ni karani wa mishahara, ambaye aliwasimamisha vibarua kazi siku chache kabla ya mwezi kwisha, kisha akawaita tena baada ya wiki moja.

Na hapa lugha yenyewe inatukumbusha jambo. Kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa jina hilo kutokana na kikaratasi kilichothibitisha kazi na malipo yake. Jina lake limetokana na karatasi, na leo karatasi hiyo ndiyo asiyoweza kuisoma.

Huenda pakatokea atakayesema kuwa hoja hizi za lugha ni za kujipendelea, za watu wanaotafutia taaluma yao soko. Ninamwelekeza kwenye Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwezi Juni mwaka 2011 baada ya kazi ya miaka kadhaa iliyoongozwa na Profesa John Ruggie. Kanuni hizo 31 zinaipa dola wajibu wa kulinda haki, zinaipa kampuni wajibu wa kuziheshimu, na zinataka aliyedhulumiwa apate njia ya kufidiwa. Katika maelezo yake kuhusu mifumo ya kupokea malalamiko, lugha na kutojua kusoma vinatajwa waziwazi miongoni mwa vizuizi, pamoja na gharama, umbali na hofu ya kulipiziwa kisasi. Kwa maneno mengine, sanduku la maoni lenye fomu ya Kiingereza katika shamba la wachumaji wanaozungumza Kiswahili halistahili kuhesabiwa kuwa njia ya kulalamika.

Madhara ya kutowaambia watu ukweli wa kile wanachokishika na kukivuta puani tuliyaona Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ambacho kilifungwa mwaka 2014 baada ya wafanyakazi na wakazi kudhurika kwa sumu ya risasi. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini, akaanzisha mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwezi Julai mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi Desemba mwaka 2024. (Kwa Kiswahili madini hayo na kitokacho katika mtutu wa bunduki huitwa kwa neno moja. Sijui kama yupo aliyelifikiria hilo alipokuwa akiwapa vibarua kazi ya kuvunja betri.)

Sidai kwamba Kiswahili pekee kingetosha. Mwezi Februari mwaka 2023 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba ya majani chai ya Kericho, yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili zenye asili ya Uingereza. Zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadhulumu kimapenzi. Moja kati ya kampuni hizo ilikuwa imeshutumiwa vivyo hivyo zaidi ya miaka kumi awali, ikatangaza kuwa haitavumilia kamwe unyanyasaji huo, na ikaanzisha utaratibu wa kuripoti. Sera ilikuwepo. Msimamizi ndiye aliyeamua nani apate kazi na nani akose, na mbele ya mamlaka kama hayo hata tafsiri fasaha kabisa ya sera inaweza kubaki ukutani. Ninakubali. Lakini mwanamke asiyejua kilichoandikwa katika sera hawezi hata kuanza kuidai, na ninashuku kuwa baadhi ya waajiri wanalijua hili vizuri kuliko sisi.

Suala la kuwaendeleza wafanyakazi halitofautiani sana na hilo. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo aliyoyatoa. Mafunzo niliyoyahudhuria kule shambani yalidumu saa mbili, kwa Kiingereza. Tulitia sahihi orodha ya mahudhurio, tukapigwa picha, tukapewa soda. Mama yule wa chai alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na mmoja, na aliutambua ugonjwa wa ukungu kwenye jani la waridi kabla ya mtaalamu wa shamba kuvaa miwani yake. Nafasi ya usimamizi ilipotokea, alipewa kijana aliyehitimu kidato cha nne mwaka uliotangulia, kwa sababu ripoti za kila wiki ziliandikwa kwa Kiingereza. Kampuni ilipoteza msimamizi hodari kwa sababu ya fomu.

Tangu mwaka 2010 katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tunalisherehekea hilo kila mwaka kwa makongamano. Ningependa tulipeleke kwenye darasa letu la tafsiri, ambako bado tunafasiri dondoo za magazeti na hadithi fupi. Kwa nini tusifasiri mkataba wa kazi, taarifa ya usalama na fomu ya malalamiko, kisha tuzijaribu kwa watu watakaozitumia kabla ya kutoa alama? Hatuhitaji kusafiri hadi Naivasha. Wanaofagia kumbi zetu za mihadhara wameajiriwa na mwanakandarasi, na mikataba yao ni ya Kiingereza. Nimezungumza na watatu kati yao, nao wamekubali kuleta nakala. Ninawatafuta wenzangu wanne, na mhadhiri mmoja wa tafsiri atakayekuwa tayari kutukosoa bila huruma. Tutakutana katika ofisi ya chama Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi alasiri.