Kabla hamjaniambia nitume hela ya kiwanja: barua kwa ndugu zangu wa Mpanda

Reading, Uingereza

Ndugu zangu,

 

Tangu barabara ya lami ya kutoka Tabora ifike mjini Mpanda, simu yangu haipumziki. "Kaka, kuna kiwanja Kazima, mwenyewe ana shida, tuma leo, kesho hakipo." "Shemeji, nyumba ya Makanyagio inauzwa, hati ipo." Wengine mnauliza kama sahihi ya mke wa muuzaji ni lazima, au kama muhuri wa mtaa unatosha. Nawajibu wote kwa pamoja, maana maswali ni yale yale. Hela mnayoombwa iharakishwe ni ya watu wanaokesha kwenye nyumba za kulelea wazee na kwenye maghala huku, na ikishazama hairudi.

Nianze na muhuri. Mmoja wenu alinitumia picha ya mkataba. Ni karatasi ya daftari, mwandiko mzuri kabisa. Imeandikwa kwamba kiwanja kimepakana na mwembe upande wa mashariki, mfereji upande wa kusini, na kaskazini kwa mama fulani ambaye nasikia alishahamia Inyonga. Hakuna vipimo, namba ya kiwanja wala kitalu. Muuzaji kaweka dole gumba, mashahidi wawili wote ni ndugu zake, na chini kabisa umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Nikauliza habari za ule mwembe, nikaambiwa ulishakatwa. Karatasi ile inaonyesha kwamba watu walikutana na hela ikahesabiwa. Haionyeshi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa sababu anawajua wakazi wake, nami namheshimu kwa hilo. Lakini yeye si msajili wa hati, na ile asilimia kumi mnayompa mkononi haimpi usajili. Mkidaiwa malipo ya serikali, ombeni namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti ya halmashauri.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi. Huo ni mwanzo tu. Mtu akisema hati ipo, msiridhike kwa kuishika. Chukueni namba yake mpeleke Ofisi ya Ardhi ya Mkoa hapo hapo Mpanda, muombe upekuzi rasmi. Mtajibiwa ni jina la nani lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Huku Uingereza ni nadra mtu kununua hata chumba kimoja bila mwanasheria wake kupekua daftari la ardhi kwanza, na muuzaji haoni kama katukanwa. Kwetu mnunuzi akiomba kupekua, muuzaji ananuna: "Huniamini?" Naombeni tuizoee hiyo kazi. Baada ya upekuzi, nendeni na mpima mkazione bikoni kwa macho. Na wakili mnayemlipa, hakikisheni jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hajawagongea chochote.

Mashamba ya Nsimbo, Mpimbwe na wilaya ya Tanganyika yana sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo wa 1999. Hapo muuzaji na mnunuzi hawawezi kumaliza mambo wawili peke yao. Halmashauri ya kijiji lazima ikae, iridhie, na iandike kwenye muhtasari. Mahakama ya Rufani ilishaamua tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa hiyo ni batili. Pia mnunuzi anatazamwa kama anakusudia kuishi au kufanya kazi pale kijijini, kwa hiyo msinikusanyie ekari kwa jina langu mkidhani umbali wangu hautaulizwa. Kabla ya yote, ombeni kuona mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Upande wa Tanganyika kuna vijiji vinavyopata fedha za hewa ya ukaa kwa kutunza misitu yao, na mtu akikuuzia kipande cha msitu huo amekuuzia ugomvi na kijiji kizima. Ndani ya hifadhi ya serikali ni vibaya zaidi, kwa sababu siku ya kuondolewa hakuna atakayeutazama mkataba wako.

Sasa niseme lililo zito kuliko yote, la nyumba za familia.

Mwanamume anayeuza nyumba anayoishi na mkewe hawezi kuiuza peke yake, hata kama hati ina jina lake tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza, nayo Sheria ya Ardhi inatambua haki ya mke aliyetia nguvu zake kwenye mali ile. Msikubali kuambiwa "mke wangu anajua". Akae mezani, asome au asomewe, atie sahihi. Kama ni ndoa ya wake wengi, ulizeni nyumba ile anaishi nani.

Mwenye nyumba akiwa amefariki, muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Si mtoto wa kwanza, wala baba mdogo, wala yule anayetunza funguo. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni wa kupendekeza jina tu, mahakama ndiyo inayotoa mamlaka. Nimeshuhudia nyumba iliyouzwa kwa muhtasari mtupu. Miaka ikapita, dada aliyekuwa Kigoma akarudi kudai fungu lake, na alikuwa na haki. Aliyenunua alikuwa ameshapaua na kuweka vigae. Kesi ya kurudisha ardhi inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, kwa hiyo ukimya wa ndugu mmoja leo usiwadanganye.

Nasi wa huku tuna letu. Aliyechukua uraia wa Uingereza amepoteza wa Tanzania, na kwa Sheria ya Ardhi asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Ndiyo maana wengi wameandika nyumba kwa majina yenu. Kisheria nyumba ile ni ya aliyeandikwa, na akifariki inaingia kwenye mirathi yake, kwa wajane na watoto wake. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, pamoja na haki ya ardhi kwa masharti. Wenzangu wa huku walifuatilie hilo ubalozini. Na anayewatuma kununua kwa niaba yake awape nguvu ya kisheria iliyoandikwa, ikashuhudiwa na kusajiliwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hautoshi. Aliyetoa nguvu hiyo akifa, nayo imekufa.

Kuhusu kodi: ushuru wa stempu ni asilimia 1, kawaida unamwangukia mnunuzi. Muuzaji mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida, asiye mkazi hulipa zaidi. Tunzeni risiti za saruji na mabati, maana gharama zinapunguza faida inayotozwa. Wala msiandike bei ndogo ya uongo kwenye mkataba. Mgogoro ukitokea, hiyo bei ndogo ndiyo mtakayorudishiwa.

Ugomvi ukianza, baraza la kata tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu.

Kwa ile nyumba ya Ilembo ya marehemu baba mkubwa mnayoniombea hela, sitatuma kitu mwezi huu. Binamu, fungua kwanza shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, na majina ya watoto wote yaandikwe, hata wa mama mdogo. Nauli na ada ya mahakama nitalipa mimi. Barua ya usimamizi ikitoka, nipigie hata kama huku ni usiku.

Ndugu yenu