Kumpa Chura Jina si Anasa

Mwandishi mmoja anadai kutafuta na kuainisha wanyama wadogo wasiojulikana ni anasa ya walioshiba. Nampinga, na shahidi wangu ni chura wa Kihansi.

Mwaka 1996 watafiti walimkuta kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa: chura wa manjano, mwili kama sentimita 2, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai, huzaa. Jike mwenye mimba ukimtazama tumboni, ngozi ni nyembamba hata watoto huonekana ndani. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa linajengwa. Maji yalipogeuzwa njia, manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Amesalimika kwa sababu mwaka 2000 takriban 500 walipelekwa Marekani kufugwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao.

Nani angehangaika kumsafirisha chura asiye na jina? Umeme nautaka kama mwandishi huyo anavyoutaka. Lakini mhandisi hawezi kumwachia maji mnyama ambaye hakuna aliyemwandika. Angefahamika miaka kumi mapema, mabomba ya kumnyunyizia maji yangewekwa kabla korongo halijakauka, si baada kama ilivyokuwa.