Beringi Mbovu Isitupwe Kabla ya Kuchunguzwa

Katika maghorofa yanayozidi kujengwa Muthangari, Nairobi, kuanzia Barabara ya James Gichuru hadi ndani ya Lavington, maji hayafiki orofa za juu bila stima. Maji ya mgao huingia tangi la chini, kisima huziba pengo, kisha pampu huyasukuma kwa mota ambayo mara nyingi huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Mota ikianza kunguruma, fundi huitwa, akatoa beringi kuukuu, akagongomea mpya na kulipwa. Beringi iliyotolewa hutupwa siku hiyohiyo, na miezi michache baadaye fundi anaitwa tena. Naamini gharama hii ya kurudiarudia inatokana zaidi na kutupa ushahidi kuliko na ubovu wa vipuri.

Uchunguzi wa IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, uliofanywa miaka ya 1980 kuhusu mota kubwa za viwandani ulionyesha kuwa takriban hitilafu 4 kati ya 10 zilitokana na beringi. Lakini beringi huharibiwa na kitu, na kitu hicho huacha alama. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15243 kimegawa uharibifu huo katika mafungu sita, na fundi makini anaweza kuyatambua mengi kwa macho akiikata beringi na kuifuta grisi. Njia ya gololi ikiwa imekwenda upande kwenye ringi ya nje, huenda shafti imepinda au beringi haikukaa sawasawa. Mistari iliyopangana kama mikunjo ya bati huonyesha kuwa umeme umekuwa ukipita ndani ya beringi, tatizo linalojulikana sana kwenye mota zinazoendeshwa na vifaa vya kielektroniki vya kudhibiti kasi. Kutu husema maji yamevuka sili. Vibonyeo vilivyoachana kwa nafasi sawa na ya gololi mara nyingi ni kazi ya nyundo: anayeingiza beringi kwenye shafti kwa kugonga ringi ya nje hupitisha pigo lote kwenye gololi, na beringi huanza kazi ikiwa tayari imejeruhiwa. Hata pampu ya akiba isiyofanya kazi haisalimiki, kwa sababu mtikisiko wa jirani yake huisugua beringi mahali pamoja.

Wapo watakaosema tatizo ni beringi bandia. Bandia zipo, na Kenya ina sheria ya kupambana nazo tangu 2008. Hata hivyo, beringi halisi ikifungwa kwenye shafti iliyopinda nayo itakufa mapema. Kwa beringi ya gololi, mzigo ukiongezeka maradufu, umri unaokadiriwa hushuka hadi moja ya nane. Jina lililochapwa kwenye boksi halibadilishi hesabu hiyo. Wengine hudhani dawa ni kuongeza grisi, kumbe grisi ikizidi huchemsha beringi, na kuchanganya aina zisizopatana kunaweza kuifanya iyeyuke na kuvuja. Hoja nzito zaidi ni ya mkazi asiye na maji: hawezi kungoja uchunguzi. Ni kweli, naye asingojeshwe. Pampu iwashwe kwanza kwa beringi mpya, kisha ile kuukuu ikatwe kesho yake. Kinachohitajika ni grinda yenye diski ya kukatia chuma, kitambaa na mwanga wa kutosha. Kwamba beringi ni rahisi kununua si hoja, maana ikikwama inaweza kuacha rota, sehemu ya mota inayozunguka, ikwaruze stata isiyozunguka, na hapo bili inakuwa ya kusuka koili upya.

Kwa hiyo mameneja wa majengo na kamati za wakazi wabadilishe masharti ya malipo. Fundi akabidhi beringi aliyoitoa ikiwa imekatwa, pamoja na sentensi moja iliyoandikwa kueleza imeharibiwa na nini na chanzo hicho kimerekebishwaje. Asiye na maelezo hayo asitiliwe saini.