Ripita Si Mbadala wa Kebo

Dai kwamba ripita inatosha kufikisha Wi-Fi nyumba nzima halina msingi. Ripita yenye redio moja hupokea na kurusha data kwa zamu katika chaneli ileile, hivyo kasi hupungua kwa takriban nusu. Ikiwekwa nyuma ya ukuta wa zege, ambako mawimbi yameshafifia, hurusha udhaifu uleule. Suluhisho thabiti ni kebo ya Ethernet, inayofika hadi mita 100, kutoka ruta ya kwanza hadi ruta ya pili. Ruta ya pili iunganishwe kupitia tundu la LAN, DHCP yake (ugawaji wa anwani) izimwe, na ipewe anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza, mfano 192.168.1.2. Jina na nywila ya Wi-Fi vifanane kwenye ruta zote mbili. Chaneli za GHz 2.4 zitofautiane: 1, 6 au 11. Kebo huvutwa mara moja. Kasi inayopotea hulipiwa kila mwezi.